Nyumba ya Mpiga Nyatiti: Ihifadhiwe, au Iachwe Iwe Mahame?

Nalikuwa Kisumu kwa arusi ya jamaa zetu wa mtaa wa Kaloleni, na arusi ilipokwisha nikabakiwa na siku mbili zisizo na kazi. Mtu wa pwani akiachwa na siku mbili penye maji, aghalabu huenda kwenye maji. Mimi niliingiwa na fikira nyingine. Nalikuwa na jina moja kichwani tangu mwaka 2019, nalo ni la Ayub Ogada, mpiga nyatiti, aliyefariki tarehe mosi Februari mwaka huo huko Nyahera, kwenye vilima vya kaskazini ya mji. Huyu bwana, na huenda wasomaji wengi wa ukurasa huu hawana habari, alizaliwa kwetu Mombasa mwaka 1956. Nikajiambia, nimefika hadi hapa, nisiione nyumba alimomalizia siku zake?

Nimweleze kidogo, kwani nyumba bila mwenyewe ni kuta tu. Jina lake la kwanza lilikuwa Job Seda. Baadaye akajiita Ayub Ogada. Na msomaji wangu aliyekaa chuoni anajua kwamba Job na Ayubu ni jina moja, la yule Nabii wa subira. Utotoni alichukuliwa na wazazi wake hadi Marekani, nao walikuwa watu wa muziki. Aliporudi na kukua akawa miongoni mwa vijana walioanzisha bendi ya African Heritage mjini Nairobi mwaka 1979. Akaonekana katika filamu, ikiwemo ile ya Out of Africa ya mwaka 1985. Kisha mwaka 1986 akafunga safari ya Uingereza na nyatiti yake kwapani, akawa anaipiga kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi mjini London, wapitao wakimtupia senti. Huko huko akaonwa na watu wa Real World, kampuni ya Peter Gabriel, na mwaka 1993 ikatoka santuri yake En Mana Kuoyo, maana yake "ni mchanga tu". Wimbo wake Kothbiro, yaani "mvua yaja", uliingizwa katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Hata Kanye West, mwaka 2018, aliuchota muziki wa wimbo huo akautia katika wake. Waama ni watu wengi duniani waliosikia sauti ya nyatiti wasijue kwamba ni chombo cha Ziwani, wala kwamba mpigaji amekaa kilimani karibu na Kisumu.

Baada ya miaka mingi ya ughaibuni alirudi, akatua Nyahera. Palikuwa makao yake, na palikuwa kiwanda chake. Mpiga gitaa Mwingereza, Trevor Warren, alimfuata, na matunda ya ushirika wao ni santuri ya mwaka 2015 iitwayo Kodhi, yaani mbegu.

Basi nikapanda matatu ya kwenda Nyahera. Nilifika hadi sokoni, nikanywa chai, nikatazama huku na huku kama kuna kibao cha kumwelekeza mgeni. Sikukiona. Nikaulizia, nikaonyeshwa kwa kidole upande wa kupita. Hapo miguu ikanizuia. Nyumba ya marehemu ina jamaa zake, nao si watumishi wa makumbusho hata niwabishie hodi adhuhuri kwa ajili ya makala ya gazeti. Sisi tumefunzwa kwamba hodi hupigwa mara tatu na usipojibiwa hurudi. Mimi nilirudi kabla ya ile ya kwanza. Kwa hivyo msomaji asitaraji nimweleze dirisha liko wapi wala paa ni la nini.

Jioni nikamsimulia habari hii mzee mmoja wa Kaloleni, Mluo Mwislamu, mtu wa makamo ya baba yangu, tuliyekaa naye baada ya sala ya Alasiri. Akacheka.

"Maalim," akaniambia, "wewe umekwenda kutafuta nyumba ya msanii kama mtu anayetafuta duka. Kwetu hakuna nyumba ya msanii. Kuna dala. Nenda pale Makumbusho kesho ukaione, halafu uje uniambie msanii anakaa wapi."

Nikamwitikia, "Haya, mzee wangu," na asubuhi nikaenda.

Makumbusho ya Kisumu yalifunguliwa mwaka 1980. Watoto wa shule hukimbilia simba aliyekaushwa anayemrukia nyumbu, na nyoka walio hai. Mimi nilikwenda moja kwa moja uwanjani, kwenye boma zima la Kiluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi, liitwalo Ber-gi-dala. Ni boma la bwana mwenye wake watatu. Nilikaa humo saa mbili, na naungama kwamba nilikuwa sijapata kufahamu ujenzi wa majirani zetu hawa, ingawa tumeishi nao Mombasa katika Majengo na Changamwe tangu reli.

Mpango wake ni huu. Boma huzungushiwa ua wa minyaa. Kuna lango moja kubwa. Ukisimama langoni ukatazama mbele, nyumba inayokukabili ni ya mke mkubwa, mikayi, nayo ndiyo jicho la boma. Mke wa pili na wa tatu hukaa pande mbili za nyumba hiyo, kila mmoja na mlango wake, jiko lake na ghala yake ya nafaka. Karibu na zizi pana kibanda cha mwenye boma, duol, anapoota moto na wazee wenziwe. Na wana wa kiume wanapobaleghe hujenga vibanda vyao, simba, huku chini karibu na lango. Nyumba yenyewe ni ya mviringo, fito zilizokandikwa udongo na paa la nyasi. Hakuna kitu hapo kilichowekwa ovyo. Mtu akikwambia yeye ni mtoto wa ngapi wa mke wa ngapi, waweza kuchora kwa kijiti mchangani mahali kibanda chake kilipo.

Sasa, msanii yuko wapi? Mzee alikuwa na haki. Yuko kila mahali, wala hana chumba. Chukua wafinyanzi. Huko Ng'iya, katika Siaya, wanawake wamesifika kwa vyungu tangu zamani. Hawana kiwanda. Mfinyanzi hukaa kivulini ubavuni mwa nyumba yake, akakijenga chungu kwa mkono bila gurudumu, na vyungu huchomwa kwa moto wa wazi bila tanuri. Na jambo lililonistaajabisha katika maandishi ya wataalamu waliokaa nao ni hili: msichana hapokei ufundi huo kwa mamake mzazi, hujifunza baada ya kuolewa, kwa mavyaa au kwa wake wenza. Mtindo wa chungu, umbo lake na nakshi zake, ni wa boma aliloingia. Yaani boma ndilo chuo, na arusi ndiyo kuandikishwa. Dame Magdalene Odundo, ambaye vyungu vyake sasa vimo katika majumba makubwa ya makumbusho ya Uingereza na Marekani, ni Mkenya aliyezaliwa Nairobi na kusomea ufundi huo Ng'ambo na Nigeria. Lakini mikono inayojenga chungu bila gurudumu si jambo geni kwa nyanya za Ziwani.

Na nyatiti vivyo hivyo. Chombo chenyewe ni cha nyumbani: bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, nyuzi nane, zamani za mishipa ya ng'ombe na siku hizi za mshipi wa kuvulia samaki. Mpigaji hukaa kigodani chini, chombo ubavuni, pete ya chuma kidoleni mwa mguu ikigonga mti, na njuga mguuni. Apiga wapi? Dukani hakuna, jukwaani ni jambo la juzi. Hupiga kwenye vikao vya wazee na hupiga matangani. Msanii wa Ziwani amehudhuria mazishi mengi kuliko sisi washairi, na sisi si haba. Bibi Eriko Mukoyama, Mjapani aliyejulikana kwa jina la Anyango, alipotaka kujifunza chombo hiki ambacho kwa desturi ni cha wanaume, hakupelekwa kwenye darasa. Alikwenda kukaa kijijini Karapul, Siaya, nyumbani kwa mwalimu wake Okumu K'Orengo, akaishi maisha ya boma, akafunzwa humo humo.

Hapo nikakumbuka chuo changu. Mwalimu wangu wa Kurani, aliyekuwa pia mtunzi, alitusomesha katika daka la nyumba yake mjini kwetu, sisi watoto ishirini na zaidi juu ya baraza mbili za mawe, mkekani hapatoshi. Ndani kulikuwa na vidaka vya chokaa ukutani alimoweka misahafu na mafungu ya karatasi zake za mashairi, kwa hati ya Kiarabu. Tukisikia kikohozi chake ndani tunajua bahari ya utenzi imemjia, basi tunapewa mapumziko. Nyumba ile ilikuwa chuo, na karakhana ya mashairi, na makazi ya wake na wana. Ukiniuliza studio yake ilikuwa wapi, nitakujibu kama mzee wa Kaloleni.

Nirejee Ziwani, kwani liko jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Juu ya kilele cha nyumba ya Kiluo husimamishwa kijiti kichomozacho nje ya nyasi, kiitwacho osuri. Ni alama kwamba bwana wa nyumba yu hai. Akifa, kijiti hicho huondolewa. Mpita njia akiona paa lisilo na osuri hana haja ya kuuliza. Kisha wana, kila mmoja kwa zamu yake, hutoka kwenda kuanzisha maboma yao, na jogoo, na shoka, na moto. Boma la baba hubaki pale alipozikwa, hupungua, huanguka, na mahali pake huitwa gunda. Sisi twaita mahame. Lakini tofauti ni kubwa: kwetu mahame ni neno la majonzi, mji uliohamwa kwa vita au kwa kiu, kama Gedi. Kwao gunda si msiba. Ni ushahidi wa nasaba. Watu husema babu zetu walikaa pale, na ardhi ile huwa na hadhi.

Je, mwaona tatizo? Tunalia kila siku kwamba nchi hii haihifadhi nyumba za wasanii wake. Lakini huku Ziwani desturi yenyewe yasema nyumba ni ya mtu, na mtu akenda, nayo ina njia yake ya kwenda. Ukija na saruji na rangi na tikiti ya shilingi mia mbili ukaizuia isianguke, je, umemhifadhi msanii au umemvunjia ada?

Wapo watakaosema swali hili limekwisha kujibiwa, kwa kuwa Nyanza tayari ina makaburi na nyumba zinazotunzwa. Kweli. Kang'o ka Jaramogi huko Bondo, alikozikwa Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1994 na mwanawe Raila mwezi Oktoba 2025, pana makumbusho. Kisiwani Rusinga pana kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Julai 1969, nalo limejengewa jengo la umbo la risasi. Tazama basi ni kina nani: wanasiasa. Sikatai, walistahili. Ila wakati watu walipoona kuna haja, ada ilipata njia ya kukaa pamoja na saruji, na hakuna aliyelalamika. Basi tusiifanye ada kuwa kisingizio panapotajwa mpiga nyatiti.

Na Nairobi je, ambako hakuna osuri? Huko mambo ni ya kusikitisha zaidi. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikuwa mkusanyaji mkubwa wa vitabu na kazi za sanaa za Afrika. Miaka ya 1970 aliiuzia Serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na mali hiyo kwa ahadi kwamba patakuwa chuo cha utafiti wa Afrika. Vitabu na vitu vingine vilisalimika katika Nyaraka za Taifa. Nyumba haikusalimika, iliachwa ikaoza na ikabomolewa. Paa ya Paa, kituo alichokianzisha mchoraji Elimo Njau na wenzake mwaka 1965, na ambacho baadaye kilihamia Ridgeways kikawa makao yake na karakhana yake, kilishika moto mwaka 1997, picha na vitabu vikateketea. Wenyewe walikifufua kwa mikono yao.

Iliyopata bahati ni moja, nayo ina nasaba na Ayub wetu. Alan Donovan, Mmarekani aliyeanzisha duka la sanaa la African Heritage pamoja na Murumbi, lile lililoipa bendi ile jina lake, alijijengea nyumba Mlolongo, mkabala na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Nimewahi kuiona kwa nje. Ni nyumba ya rangi ya udongo, yenye minara na nakshi zilizochotwa katika misikiti ya udongo ya Mali na majumba ya Wahausa, na ndani yake muna mambo ya kwetu ya Uswahilini pia. Reli mpya ilipokuja na hofu ikaingia kwamba itapita juu yake, Serikali ikaitangaza kuwa urithi wa taifa mwezi Januari 2015, kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Mwenyewe alifariki Desemba 2021. Nyumba ya mgeni aliyeipenda Afrika ikapona kwa tangazo moja la gazeti rasmi, na hilo ni jema. Ila latuonyesha kwamba sheria ipo na kalamu ipo, na mwenye kupiga kelele kwa sauti inayosikika husikilizwa.

Wasiosikika nao twawajua. Februari 2021, wakati wa maradhi ya Korona, tingatinga liliingia Kibos, kandokando ya Kisumu, likazibomoa nyumba za ndugu zetu Wanubi kwa sababu ya ardhi ya reli. Maelfu ya watu walilala nje. Nani aliuliza ndani ya nyumba zile kulikuwa na msusi gani, au bibi gani ajuaye nyimbo za doluka? Nyumba ya fukara haisubiri gunda. Huendewa.

Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na makumbusho yao. Kwa hivyo swali la Nyahera si la Nairobi, ni la Kisumu. Mji ule ulijipamba vizuri kwa mkutano wa miji ya Afrika mwezi Mei 2022. Njia zikapigwa sakafu, taa zikawekwa. Naamini kibao kimoja njia panda ya Nyahera hakitafilisi hazina ya mtu.

Nilipomrudia mzee wangu jioni nikamweleza niliyoyaona, na nikamwambia rai yangu: jamaa wakiridhia, nyumba ya Ayub Ogada ipimwe na kupigwa picha, kila ukuta na kila pembe, ichorwe karatasini kama wanavyofanya wasanifu wa majengo, kisha iachwe katika mikono ya wenyewe waamue kwa ada yao, ikae au iende. Lakini sauti zake zote zilizorekodiwa, pamoja na zile zilizoko Uingereza, nakala zake ziletwe Kisumu. Na pale Makumbusho, katika boma lile zuri lisilo na mtu, awekwe mpiga nyatiti mwenye mshahara, akae kwenye duol, na vijana waje wajifunze. Boma lina nyumba tatu za wake na hakuna hata chungu kinachofinyangwa humo. Wekeni mama wa Ng'iya kivulini. Ada haivunjwi, kwani mwenye boma lile hakuzaliwa wala hatakufa.

Mzee akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Na nyumba ya mwalimu wenu, maalim, nyinyi wa pwani mliifanyaje?"

Nikanyamaza, na hapa nalazimika kuungama mbele ya wasomaji. Sisi hatuna kisingizio cha osuri. Sisi tuna nyumba za mawe na chokaa zikaazo miaka mia mbili. Mji wa kale wa Lamu umo katika urithi wa dunia tangu 2001, na kuna nyumba ya Kiswahili iliyogeuzwa makumbusho huko. Wazanzibari mwaka 2019 wamefungua makumbusho katika nyumba ya Mji Mkongwe inayohusishwa na utoto wa Freddie Mercury, mwimbaji wa Kiingereza, na watalii huingia kwa foleni. Waingereza wenyewe walichanga wakainunua nyumba alimozaliwa Shakespeare mwaka 1847. Na zaidi ya hayo yote, sisi tunayo wakfu, kanuni tuliyosomeshwa tukiwa na meno ya utoto: mali ikiwekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, na manufaa yake huenda pale mwenyewe alipoyaelekeza. Babu zetu waliweka wakfu misikiti, visima, makaburi na mashamba ya minazi. Nimeuliza wazee kwa miaka, sijapata kuambiwa nyumba ya mshairi iliyowekwa wakfu kwa ajili ya mashairi.

Mwalimu wangu alipofariki, nyumba iligawanywa kwa warithi kumi na mmoja, kila mmoja na haki yake kamili kisheria, na hakuna aliyeweza kumnunua mwenziwe. Ikauzwa. Mnunuzi akaivunja na kusimamisha ghorofa nne zenye maduka chini. Mimi siku ile nalikuwa mjini, nikapita, nikaona boriti zimepangwa barabarani na vipande vya vidaka katika kifusi, nikaenda zangu kazini. Karatasi zake nyingine walizichukua wanawe, nyingine zilikaa katika gunia kwa jirani, na gunia lile silijui liliko. Sikumlaumu mtu wakati ule na simlaumu sasa. Nalikuwa na gari la kukodi na mkono wa kuandika, ningeweza kupiga picha moja.

Mzee akasema, "Basi nyinyi na sisi ni wamoja," akaniagiza nile samaki kabla ya safari.

Nimerudi Mombasa na nimeanza kazi ndogo. Nachora kwa kumbukumbu mpango wa nyumba ile: daka, baraza, ukumbi, msana wa kwanza, vidaka vilikuwa vingapi. Wenzangu wawili tuliosoma pamoja wananisahihisha, na tumeshagombana kuhusu ngazi. Msomaji yeyote aliyekaa chuoni kwetu katika miaka ya 1970 au 1980, au aliye na picha ya arusi iliyopigwa mbele ya mlango ule wa nakshi, hata kama mlango waonekana nusu, anijie na picha yake gazetini. Tutainakili na kumrudishia siku hiyo hiyo. Na aliye na gunia, namsihi asilitupe.